Tunakwenda Kumtazama Mgonjwa, au Kumzika Yu Hai?



Maovu mengi tunayajua kwa majina yake. Mwizi anajua kuwa anaiba, na mwongo, hata akikana mbele za watu, moyoni mwake anajua kuwa amesema uwongo. Lakini liko ovu moja tunalolitenda majumbani mwetu asubuhi na jioni, nasi tunapolitenda huwa tumevaa kanzu safi na mabuibui yaliyofukizwa udi, mkononi tuna chupa ya uji na mfuko wa machungwa, na tunapotoka tunaona tumechuma thawabu. Ovu lenyewe ni kuwatia jamaa zetu hofu ya miili yao wenyewe, na kuiita hofu hiyo mapenzi.

Nisikilize kwanza kabla hujaufunga ukurasa huu. Sisemi na maadui zetu, kwani adui hana nafasi ya kutudhuru kwa njia hii, hakuna anayemsadiki. Nasema na shangazi, na mama mkubwa, na ami, na wifi, na jirani wa ukuta kwa ukuta. Nasema na nafsi yangu pia, kwa kuwa ulimi wangu nao umo katika hesabu hii.

Tazama mambo yanavyokwenda. Kijana amelala vibaya siku mbili tatu. Labda mtoto wake mchanga analia usiku, labda ana deni dukani. Anakwenda arusini. Mlangoni anakutana na shangazi yake, naye badala ya kumwitikia salamu anamshika kidevu na kumgeuza uso kwenye taa. "Mwanangu, una nini? Mbona umekwisha hivi? Wallahi nimekuona nimeshtuka." Anawaita wenziwe: "Njooni mumtazame. Shingo imetoka mifupa!" Wa pili anasema macho yamekuwa manjano. Wa tatu anauliza kama anaamka usiku kwenda haja ndogo, na kijana akisema ndiyo, mara moja, wote wanatazamana. Kisha wa nne, aliye mkubwa wao, anashusha pumzi na kusema lile neno linalofunga mlango: "Marehemu babu yake alianza hivi hivi."

Kijana aliingia arusini ana usingizi. Anatoka ana sukari, na ini, na figo, na kaburi la babu yake kichwani. Hakuna tabibu aliyemgusa. Hakuna tone la damu lililopimwa. Hukumu imetolewa mlangoni, baina ya sahani ya pilau na kikombe cha kahawa, na walioitoa wamekwenda zao kula kwa raha ya mtu aliyetimiza wajibu wake.

Nami nina haki ya kulisema jambo hili, kwa kuwa limenipata. Miaka kadhaa nyuma, katika Ramadhani ya joto kali, niliinuka kwa haraka kutoka sijda katika tarawehe, nikaona kizunguzungu, nikajishika ukutani. Basi, hilo tu. Mtu amefunga kutwa, hakunywa maji ya kutosha baada ya futari, akainuka ghafula. Jambo hilo halimshangazi daktari yeyote. Lakini dada yangu mkubwa alipopata habari alilia. Alisema baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikufa kwa moyo, na moyo hurithiwa. Tangu siku hiyo akawa hunipigia simu kila siku baada ya sala ya alfajiri: "Umeamka? Kifua vipi?"

Hakukusudia ila kheri. Dada huyu ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki, na lau ningekuwa na haja ya figo, angenitolea yake bila ya kuuliza. Lakini kila aliponiuliza kifua vipi, nilikisikiliza kifua. Na kila nilipokisikiliza, nilikisikia kikigonga. Nikawa natia vidole kwenye mshipa wa mkono hata nimo ndani ya sala. Nikawa naogopa kulala peke yangu, nami ni mtu mzima mwenye wajukuu. Nilikwenda kwa madaktari watatu, nikapimwa moyo kwa mashine mara nne, na fedha nilizokuwa nimeziweka kwa safari ya Umra zikaishia huko. Wote walisema neno moja: moyo wako mzima. Nami nilikuwa nikitoka kwa daktari na furaha, na furaha hiyo ilidumu mpaka simu ya alfajiri.

Langu lilikuwa la fedha na usingizi. Liko lililo zito zaidi. Mwanamke mmoja katika ujamaa wetu aliona uvimbe katika ziwa lake. Hakumwambia mtu. Alikaa nao karibu mwaka mzima. Alipoulizwa baadaye kwa nini alinyamaza, hakusema kwamba aliogopa kisu cha daktari. Alisema aliogopa ukumbi. Miaka ya nyuma alimwona dada yake alipopatikana na uvimbe kama huo: siku ile ile nyumba ilijaa watu, wanawake wakamlilia yu hai, na mmoja akamuuliza watoto wake atamwachia nani. Uvimbe ule wa dada ulipopimwa haukuwa saratani, kama ambavyo uvimbe mwingi wa ziwa si saratani. Lakini yaliyopita ukumbini hayakusahaulika. Basi yeye akaona heri afiche. Wake ulipopimwa ulikuwa ni saratani yenyewe, na daktari akasikitika kwamba hakuletewa mapema. Sasa niambie, msomaji: ni ugonjwa peke yake uliomchelewesha bibi huyu, au na sisi tulikuwa na mkono wetu?

Kwa hivyo usiniambie kuwa hili ni jambo dogo la kuchekewa. Hofu hii yamfanya mzima ajione mgonjwa, na yamfanya mgonjwa ajifanye mzima. Kote kuwili ni hasara.

Waganga wa kisasa wamelieleza jambo hili vizuri. Mtu akiogopa, mwili wake humimina katika damu kitu kiitwacho adrenalini, ili awe tayari kukimbia au kupigana. Moyo huenda mbio, mikono hutoka jasho, tumbo huvurugika, na pumzi huwa za haraka. Mtu akipumua kwa haraka kuliko haja ya mwili wake, hewa ya kabonidayoksaidi hupungua katika damu, na hapo vidole na midomo hufanya ganzi, na kichwa huwa chepesi. Haya si ndoto. Mtu anayahisi kweli kweli. Lakini yule aliyekwisha kuambiwa kuwa ana moyo, akiyahisi haya hufanya nini? Husema, "Ndiyo, huu ndio wenyewe." Huogopa zaidi, na moyo ukazidi mbio. Hofu imezaa dalili, na dalili imezaa hofu, kama mbuzi aliyefungwa mtini akazunguka na kuzunguka hata kamba ikamkaba.

Hofu hiyo ikimkaa mtu miezi na miezi huhesabiwa kuwa ni maradhi kwa nafsi yake, yanayohitaji tiba. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilipotoa toleo la tano la kitabu chake cha kupambanua maradhi ya nafsi, kililiacha jina la zamani ambalo watu walikuwa wamelifanya tusi, kikaweka majina mengine, na moja lina maana ya wasiwasi wa ugonjwa. Basi mwenye hofu hii si mwigizaji wala si mwenye kutafuta kudekezwa. Ameumwa, ila hakuumwa pale anapodhani.

Tazama tena mashine za kupimia presha. Nyumba nyingi siku hizi zinazo, na hiyo ni neema. Lakini tunazitumia vipi? Mzee amepanda ngazi sasa hivi, anafungwa kitambaa juu ya mkono wa kanzu, watu sita wamemzunguka, mmoja anamsemesha, mashine inatoa 160, na ukelele unapigwa. Hivyo sivyo inavyopimwa presha. Mtu hukaa kitako kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo ziko chini, mkono mtupu umelazwa usawa wa moyo. Hasemi, wala hakunywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa iliyopita. Tena mtu hahukumiwi kuwa ana presha kwa kupimwa mara moja, ila ikionekana 140 kwa 90 au zaidi katika siku mbalimbali. Wako watu ambao presha yao hupanda kwa kumwona daktari tu, mpaka hali hiyo ikaitwa presha ya koti jeupe. Ikiwa koti jeupe la mtu mmoja laweza kuipandisha presha, je, kanzu tano na mabuibui kumi yaliyokizunguka kitanda?

Tuyaache ya madaktari tuje kwenye dini, maana hapo ndipo tunapojikinga. Tukiulizwa, tunasema kwamba kumzuru mgonjwa ni Sunna. Ni kweli, na tena ni katika haki za Mwislamu juu ya Mwislamu mwenziwe. Lakini kuitimiza Sunna ni kwenda kama alivyokwenda aliyetufundisha. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akimzuru mgonjwa humtuliza kwamba hapana neno, ni kutakaswa, apendapo Mwenyezi Mungu. Akamwendea bedui mmoja mwenye homa akampoza kwa maneno hayo. Bedui akayakataa, akasema hii ni homa inayochemka mwilini mwa mzee, itampeleka makaburini. Mtume akamjibu kwamba basi na iwe hivyo.

Kitafakari kisa hiki. Neno la makaburi limo ndani yake, lakini limetoka kwa nani? Limetoka kinywani mwa mgonjwa aliyekataa kutulizwa, na aliyekwenda kumzuru hakulileta. Sisi tumeyapindua mambo. Mgonjwa wetu husema, "Sijambo, alhamdulillahi," na aliyekuja kumzuru ndiye anayemjibu kwa makaburi!

Na imepokewa na Abu Daud kwamba masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akalala, na mwenziwe akaiendea kamba aliyokuwa nayo na kuichukua, yule aliyelala akafazaika. Mtume (S.A.W.) akasema kwamba si halali kwa Mwislamu kumtisha Mwislamu. Ndugu zangu, ile ilikuwa kamba, na hofu yake ilikuwa ya kitambo kidogo. Ikiwa hilo limekatazwa, itakuwaje kwa anayemnyang'anya nduguye usingizi wa miezi sita?

Tena katika Suratun Nisaa, aya ya 83, Mwenyezi Mungu anawalaumu watu ambao likiwafikia jambo la amani au la hofu hulieneza, na lau wangalilirejesha kwa Mtume na kwa wenye madaraka kati yao, wangalilijua wale wanaoweza kulichunguza. Aya hii ilihusu habari za vita, lakini adabu yake haikufungwa vitani. Katika habari za mwili wa mtu, nani anayeweza kuchunguza? Ni aliyesoma kazi hiyo. Lakini sisi uvimbe wa mtu hujulikana kwanza katika kundi la simu la ujamaa, kisha barazani, na daktari ndiye wa mwisho kuusikia. Mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa korona, tuliona kila aina ya sauti na maandishi yakirushwa majumbani: fulani amefia mlangoni, dawa fulani inaua, mvuke fulani unaponya. Ugonjwa ulikuwa wa kweli na uliua watu wa kweli. Lakini ni mangapi katika yale tuliyoyarusha tuliyoyahakikisha? Na tumekwisha kufundishwa, katika hadithi aliyoipokea Muslim, kwamba yamtosha mtu kuwa mwongo kule kuhadithia kila alisikialo.

Liko na jingine la kutisha zaidi. Abu Daud na wengine wamepokea kwamba mwenye kujitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini, yaani atagharimia aliloharibu. Wewe unayemwambia mgonjwa wa sukari aache sindano zake kwa kuwa zinaua macho, anywe mdalasini na habasoda. Wewe unayemwambia mjamzito kwamba tumbo lake halijakaa sawa. Wewe unayesema kidonge cha presha ukikianza hukiachi, basi heri usikianze: unajua umejitwika nini? Mgonjwa wa sukari anayeishi kwa sindano, akiziacha, anaweza kufa kwa siku chache. Hapo utasema, "Ajali yake ilifika." Ajali yake ilifika, naam, lakini wewe utaulizwa ulikuwa umesimama wapi ilipofika.

Najua majibu yatakayokuja, na nitayapokea moja moja.

Watasema, "Tukinyamaza atapuuza, nasi tunampenda." Nani aliyewaambia mnyamaze? Nasiha ina adabu zake. Husemwa mara moja, faragha, kwa jambo ulilolijua, na hufuatwa na kitendo. Mwambie nduguyo, "Nimekusikia wakohoa wiki ya tatu sasa. Kesho nitakuja saa mbili twende tukapime." Hiyo ni nasiha. Lakini kumwambia, "Kikohozi hiki mimi sikipendi," kisha ukachukua buibui lako ukaenda zako, hiyo umemwachia nyoka ndani ya nyumba na kumzimia taa. Mwenye mapenzi hutoa nauli. Mwenye mapenzi hukaa foleni. Asiyeweza kutoa nauli wala kukaa foleni, basi na atoe dua, na ulimi autie akiba.

Watasema, "Aogope nini, si Mwislamu? Hiyo ni imani haba." Hili ndilo linaloniudhi zaidi ya yote, kwani wanaolisema ni wale wale waliomtisha jana. Wamemsukuma kisimani, sasa wanamlaumu kwa kulowa! Kuogopa si kukosa imani. Qur'ani katika Sura Taha imetuhadithia kwamba Nabii Musa, naye ni katika mitume wakubwa, alihisi hofu ndani ya nafsi yake alipoziona kamba na fimbo za wachawi, na Mola wake akamtuliza wala hakumkemea. Ikiwa Mola alituliza, wewe wakemea kwa mamlaka ya nani?

Na watasema, "Huu si wa hospitali, hili ni jicho." Jicho ni haki, wala sikanushi, imepokewa katika Sahihi. Kumsomea mgonjwa pia ni jambo jema. Lakini angalia unalolifanya: mtu alikuwa na hofu moja, ya ugonjwa, sasa umempa hofu ya pili, ya mtu aliyemhusudu. Atalala anahesabu majirani na mawifi, nani alimtazama vibaya, nani aliisifu nyumba yake. Hukumponya, na umemtilia fitina. Msomee, mwombee, kisha mpeleke kwa tabibu siku hiyo hiyo, kwani Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta dawa, na kutubashiria kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na ponyo lake.

Sasa nasema na wewe uliyekwisha kupatwa, unayesoma haya vidole vikiwa mshipani.

Wanazuoni wetu wana kanuni ambayo kila mtoto aliyepita chuoni ameisikia: yakini haiondolewi na shaka. Mtu mwenye udhu wake akidhani ndani ya sala kwamba ametokwa na kitu, haondoki, mpaka asikie sauti au apate harufu. Alikuwa tahiri kwa yakini, na dhana tu haitoshi kumvunjia. Ichukue kanuni hii uitumie katika mwili wako. Ukienda kwa daktari anayejua kazi yake, akakupima na kukwambia huna kitu, hiyo ndiyo yakini yako. Neno la shangazi mlangoni ni shaka. Usiivunje yakini kwa shaka mpaka ije sauti au harufu, yaani dalili mpya iliyo wazi, si ile ile ya jana uliyoisikiliza zaidi.

Ibn Hajar al-Haytami, ambaye sisi Mashafii twategemea sana vitabu vyake, aliulizwa juu ya ugonjwa wa wasiwasi kama una dawa. Akajibu kwamba dawa yake yenye kufaa ni kuupuuza kabisa, kwani ukipuuzwa hausimami, na ukisikilizwa huzidi. Alikuwa akisema juu ya udhu na sala, naye alifariki mwaka 974 Hijria. Matabibu wa nafsi wa leo wanaotibu hofu hii kwa mazungumzo huwazoeza wagonjwa wao jambo lililo karibu na hilo: waache kujipima kila saa, waache kuuliza kila mtu kama wamekonda, kwani kila jibu la kutuliza hudumu kidogo kisha hudai jingine.

Na kabla ya Ibn Hajar alikuwako Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, sawa na 934 Miladia. Yeye aliandika kitabu kizima juu ya maslaha ya miili na ya nafsi, na katika sehemu ya nafsi akazungumza juu ya hasira, hofu, huzuni na wasiwasi. Alishauri kwamba kama vile mtu mzima huweka dawa nyumbani kwa ajili ya ghafula, na ajiwekee akiba ya fikra njema wakati moyo wake umetulia, azitumie hofu itakapomjia. Basi wanaodhani kwamba kuitibu nafsi ni mambo ya Wazungu, na wasome tarehe yao wenyewe.

Nitakwambia lililonifaa mimi. Nilichagua daktari mmoja, nikaacha kuzunguka. Presha nilijiwekea siku yake, na siku nyingine mashine ilikaa kabatini na ufunguo akawa nao mke wangu. Kwa watu wa arusini nilijiwekea jibu moja: "Alhamdulillahi, nimekwisha kupimwa, niombee dua." Sikuongeza neno, kwani ukieleza umefungua baraza. Na mwisho nikamwendea dada yangu, jambo lililokuwa gumu kuliko yote. Nikamwambia, "Dada, simu yako ya alfajiri naipenda, usiikate. Lakini usiniulize kifua. Niulize nimefika juzuu ya ngapi." Alikasirika. Alisema nimemfukuza katika maisha yangu. Wiki nzima simu haikulia, nami niliumia kuliko nilivyoumia kwa moyo. Siku ya nane ikalia. "Umefika wapi?" akaniuliza. Nikamwambia Suratul Kahf. Akasema, "Mimi nimekupita." Tangu siku hiyo tunashindana, naye hushinda.

Sikwambii kwamba hofu imekwisha. Huja mara moja moja, zaidi nikisikia mtu wa rika langu amekufa. Lakini huja kama mgeni na huondoka kama mgeni, wala haikai tena kama mwenye nyumba. Na wewe, ikiwa imekukaa miezi, hulali, huli, huwezi kazi, usione haya kumwambia daktari kwamba kinachoumwa ni nafsi. Haya hazikumponya mtu.

Tena nisifahamiwe vibaya. Sikumwambia mtu apuuze mwili wake. Mwili ni amana. Maumivu ya kifua yanayobana na kwenda mkononi au tayani, mdomo uliokwenda upande, ulimi uliokuwa mzito ghafula au mkono uliolegea, pumzi zinazokatika, damu katika makohozi, mkojo au choo, uvimbe mpya wa ziwa, kikohozi kilichopita wiki mbili, kukonda kulikoonekana kwenye mizani, si mlangoni mwa arusi. Haya yakitokea usingoje Ijumaa wala usiite kikao cha ukoo. Manne ya mwanzo ni ya saa ile ile. Ukiwa na nduguyo mwenye haya, usipige ukelele, tafuta gari.

Na sisi wenye kuzuru tujifunge kwa machache. Tusimwambie mtu kuwa amekonda. Tusimtaje maiti mbele ya mgonjwa. Tusiulize majibu ya vipimo ambavyo hatukuvilipia. Tukae kidogo, tuombe dua, tuchekeshe ikiwezekana, tuoshe vyombo jikoni, tuondoke. Tukitaka kulia, tulie majumbani kwetu.

Usiku wa leo, msomaji, kabla hujalala, mkumbuke mtu mmoja uliyemwambia neno la kumtisha mwaka huu. Utamkumbuka, usijidanganye. Kesho mpigie simu, umuulize habari za wanawe, za kazi yake, za shamba lake, za chochote kilicho hai. Mwili wake usiuguse kwa neno lolote.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, watulize waliofazaika, na zifunge ndimi zetu zisiwadhuru tunaowapenda. Amin.